Ramani ya Mabao ya Kadutu

Jumapili ile Chui walifungwa tena, mabao matatu kwa moja, na kabla mwamuzi hajaitoa filimbi mdomoni watu walikwisha kumpata mwenye kosa.

"Benoît! Rudia matofali yako!"

"Gardien wa karatasi!"

Benoît alikuwa mwashi, mrefu, mwenye mikono mipana iliyopasukapasuka kwa simenti. Huo ulikuwa mwaka wake wa tatu kulinda lango la Chui, timu ya mtaa wa Kadutu. Alitoka uwanjani ameinamisha kichwa. Bonge la tope likamgonga mgongoni, wala hakugeuka kutazama limerushwa na nani.

Pembeni, juu ya tuta ambalo watu walilifanya jukwaa, alisimama mtu mmoja asiyepiga kelele. Alikuwa na kalamu ya risasi na daftari gumu jeusi, na katika ukurasa uliofunguliwa alikuwa amechora uwanja wenyewe, mdogo kama kiganja, umejaa nukta. Alitia nukta ya mwisho, akaandika kando yake "dak. 83", akafunga daftari, kisha akateremka kumfuata Benoît.

"Ile ya tatu haikukuwa yako," alimwambia.

"Yote iko yangu, Papa Déo. Hausikie vile banasema?"

"Bo banasema. Mimi niliandika."

Huyo ndiye Déogratias Balagizi. Alizaliwa Mudaka, kwa wakulima wa maharagi na ndizi, na shuleni kwa mapadri hakuna alichosifiwa ila mwandiko wake. Siku moja wapimaji wa ardhi walipita huko wakitafuta vijana wenye miguu migumu. Miaka miwili akapanda na kushuka milima ya Kabare akiwabebea mnyororo wa kupimia na nguzo zenye rangi nyekundu na nyeupe. Jioni, wenzake wakiota moto, yeye alikuwa akichora kwa kijiti mchangani bonde walilolipima mchana. Mpimaji mmoja alipoona jambo hilo, alimtoa kwenye mnyororo akamkalisha kwenye meza ya kuchorea mjini. Mwaka 1956, mji ukiwa umekwisha kurudishiwa jina lake la Bukavu, Déogratias alikuwa na miaka minane katika ofisi ya ramani, akinakili kwa wino viwanja vya Nguba na Muhumba, mitaa ya Wazungu ambako yeye mwenyewe asingeruhusiwa kujenga hata banda la kuku. Mkono wake haukutetemeka. Aliujua ubora wake, na hakuona haya kuujua.

Mpira aliupenda, ila miguu yake na mpira havikupatana tangu utoto. Basi alifanya alichoweza. Kila Chui walipocheza nyumbani, aliandika mchezo kama alivyofundishwa kuandika ardhi: shuti limepigiwa wapi, dakika ya ngapi, limepita upande gani, limeingia au limetoka. Ilikuwa michezo kumi na minne sasa. Watu wa Kadutu walidhani ni barua anaandika.

Jumanne jioni, kabla jua halijazama, komite ya timu ilikutana katika ua wa Gaston, mwalimu wa Chui. Gaston alikuwa kapita, msimamizi wa kazi, katika karakana ya magari, mtu wa sauti kubwa na moyo mzuri, ila akishasema jambo hakulirudisha nyuma. Aliyeketi kwenye kiti cha mbao ni Tonton Philémon, rais wa timu, mzee mwenye kofia ya sufu asiyoivua hata kanisani mpaka mkewe amkumbushe.

"Benoît anatoka," Gaston alisema. "Siku ya yenga, Jumapili hii, batu ba Sange banakuya na camion. Siwezi kuwaonyesha ule mulango wazi."

Déogratias akasimama, akaomba ruhusa, akasoma. Mabao ishirini na sita ya kufungwa katika michezo kumi na minne. Ishirini na moja katika lango la chini, matano katika lango la juu. Katika yale ishirini na moja, kumi na saba baada ya mapumziko. Mashuti yaliyopigwa kutoka kushoto kwa adui, sitini na tatu. Kutoka katikati, thelathini na...

Mtu akaanza kucheka. Mwingine akaiga sauti yake: "Sitini na tatu, sitini na tatu," kama karani anayeita majina ya wagonjwa. Gaston mwenyewe alifuta machozi ya kicheko.

"Papa Déo, ndugu yangu, namba haikamate ballon! Namba haina mikono!"

Tonton Philémon peke yake hakucheka. "Mimi sikuelewa hata kidogo," alisema polepole. "Lakini huyu mutu hajasema uongo mbele yangu hata siku moja. Déo, rudia posho hii, juma hii hii, mbele siku ya mpira haijafika. Utuonyeshe namna yenye tunaweza kuelewa. Kama tutashindwa, Benoît anatoka."

Kurudi nyumbani ni kupanda ngazi za udongo zilizochimbwa kwenye mteremko, nyumba juu ya nyumba, moshi wa huyu ukiingia dirishani kwa yule. Déogratias alizipanda kwa hasira. Hakuwa na hasira ya kuchekwa, bali ya kwamba alikuwa na ukweli mkononi na umemponyoka kama samaki. Mkewe, Eulalie, alikuwa mbele ya mlango na ungo mapajani, akichambua maharagi aliyoyatoa sokoni: mekundu huku, meupe huku, ya madoadoa kando.

"Basi?" akauliza.

"Bamenicheka."

"Uliwaambia nini?"

Akamsomea vilevile alivyowasomea wale. Eulalie alisikiliza huku vidole vikifanya kazi. Alipomaliza, akasema: "Baba Noëlla, mimi muke yako, na mimi pia nimesinzia. Mutu akiniuliza soko iko wapi, nitamupa namba? Nitamuonyesha kwa mukono. Waonyeshe mahali."

Akaondoa ungo mapajani. "Leta ile karatasi kubwa. Chora kiwanja. Sasa ita bao moja moja. Bao nitaweka lekundu, shuti la bure nitaweka leupe."

Wakaketi pande mbili za karatasi, yeye akiita kutoka daftarini, mkewe akiweka harage. Mchezo wa kwanza, wa pili, wa tatu. Mpaka wa tano hakikuonekana kitu, ni maharagi yaliyomwagika tu. Kwenye wa tisa Eulalie akaacha kuuliza "wapi?" Kidole chake kilikuwa kimekwisha kwenda chenyewe. Walipofika wa kumi na nne, karatasi karibu yote ilikuwa na meupe yaliyotawanyika na mekundu machache tu, ila katika pembe moja ya chini, mkono wa kuume wa mlinda lango, maharagi mekundu yalikuwa yamelundikana kama kuku wamewekewa chakula.

Eulalie akaegemea nyuma. "Pale iko nini?"

"Lango la chini."

"Hapana. Sikuulize lango. *Pale*, kwa udongo. Iko nini?"

Déogratias akaitazama tena ile pembe. Miaka minane alikuwa akichora udongo wa watu wengine, na hakuwahi kuuliza udongo ule unafanya nini. Kila mtu wa Kadutu alijua kwamba uwanja unatelemka. Ungewezaje usitelemke, mtaa mzima ukiwa umening'inia mlimani? Lakini unatelemka kuelekea wapi hasa? Hakuna aliyejua, kwa sababu hakuna aliyeupima.

Kesho yake ofisini alimwomba bwana mkubwa, Mbelgiji mwenye masharubu membamba, kifaa cha kupimia usawa, kwa siku moja tu ya sikukuu. Bwana yule alidhani amesikia vibaya. Aliposikia vizuri alisema vyombo vya ofisi havikuletwa kwa ajili ya michezo, akarudi kwenye karatasi zake. Déogratias akasema, "Sawa, bwana," bila kuinamisha macho, akatoka. Jioni alipita kwa Benoît kumweleza.

Benoît, ambaye siku tatu hakuwa amesema maneno kumi, akamtazama kwa mshangao. "Na weye umekwenda kuomba muzungu? Sisi bamasoni tuko na yetu." Akaingia ndani, akatoka na mpira mrefu wa maji uliozungushwa kama nyoka, kila ncha imefungwa kichupa cha kioo. "Naitumia kila siku kwa musingi. Unajaza maji. Maji ya huku na maji ya kule yanasimama sawasawa, hata kama kilima kinataka kudanganya."

Basi siku ya Watakatifu Wote, baada ya misa ya kwanza, wale watu wawili waliingia katika uwanja mtupu. Walipiga vigingi kila mita kumi, kumi na kimoja kwa urefu, saba kwa upana. Benoît alishika ncha moja ya mpira, Déogratias nyingine, na kutoka kigingi hadi kigingi wakasoma maji yamesimama wapi kwenye nguzo. Watu waliotoka misa ya pili walisimama wakauliza kama mlinda lango sasa amekuwa mganga, anauosha uwanja. Benoît akasogea kwenye kigingi kinachofuata. Lakini kufikia kigingi cha arobaini alikuwa anasoma vipimo kwa sauti ya juu kuliko ilivyohitajika.

Déogratias aliunganisha kwa mstari vigingi vyote vyenye kimo kimoja, kama anavyofanya ramani ya mlima, na mistari ilipokamilika akacheka peke yake. Uwanja haukutelemka moja kwa moja kutoka lango hadi lango. Ulitelemka kimshazari, kutoka pembe ya juu ya upande mmoja hadi pembe ya chini ya upande wa pili, mita moja na sentimita themanini, na mistari yote ilijikunja kuelekea pale pale yalipolundikana maharagi. Mpira uliopigwa hovyo katikati ulikwenda huko wenyewe. Maji ya mvua nayo yalikwenda huko, na kwa hiyo tope.

Eulalie alitoa shuka jeupe. "Karatasi yako wataishika na mikono ya grisi," alisema. "Chora hapa, kubwa." Mistari ya ardhi Déogratias akaichora kwa buluu ya kufulia, na mabao akayatia kwa vumbi jekundu la tofali lililokorogwa na mafuta kidogo, kila bao nukta ya ukubwa wa kifungo.

Jumamosi mchana shuka lilitundikwa kwenye ukuta wa ghala ambamo wachezaji walivalia. Safari hii Déogratias hakusoma kitu. Alikaa juu ya sanduku akawaacha waangalie.

Kwanza walisimama mbali. Kisha Firmin, kapteni, akasogea. "Hii ni lango la chini? Na hii ni kile kijiti karibu na corner?" Akapata mahali pake mwenyewe, akaweka kidole. Wengine wakaja, kila mmoja akijitafuta. Emile, beki wa kulia, kijana mcheshi aliyeongoza kila kicheko, alijitafuta mpaka akajipata katikati ya nukta nyekundu. Akazihesabu kwa midomo bila sauti.

"Hapa njo kwangu," alisema mwishowe.

"Haiko juu yako," Déogratias akamwambia. "Angalia ile mistari ya buluu. Kilima kizima kinakutupia ballon, na weye uko peke yako. Kati ya mabao ishirini na moja ya lango hili, kumi na nane yamepita hapo. Benoît anaona mutu anatokea mbele yake hatua tano. Hata malaika hawezi."

Benoît alikuwa mlangoni, amejiegemeza. Hakuna aliyemtazama, na hiyo ilikuwa heshima.

"Sasa," Déogratias akaendelea, "Firmin, ukishinda kura unachagua nini?"

"Tunaanza kutelemka. Tupate mabao mbio."

"Mara kumi mumeanza kutelemka. Nusu ya pili munapanda, mumechoka, mvua imenyesha, na pembe imekuwa tope, na iko nyuma yenu. Mabao kumi na saba yameingia hivyo. Mara ine mulishindwa kura, wale wengine wakachagua kutelemka, mukaanza kupanda. Mulishinda ngapi?"

Firmin akahesabu kwa vidole.

"Tatu," akasema Firmin polepole. "Na moja sare."

Gaston akakohoa. "Mara ine ni bahati, Papa Déo. Ine haiko kitu."

"Unasema kweli, ine ni kidogo," Déogratias akajibu, na sauti yake ilikuwa tulivu kabisa. "Ningekuwa na ine peke yake, ningenyamaza. Lakini kilima si bahati, Papa Gaston. Kilima nimekipima."

Tonton Philémon akavua kofia yake ya sufu, jambo ambalo wengi hawakuwahi kuliona, akajikuna upara. "Kesho tunaanza kupanda," akasema. "Na Benoît anasimama mulangoni. Tukifungwa, Déo, utafunga daftari yako, usituletee tena."

"Tumepatana, Tonton."

Watu wa Sange walifika Jumapili wakiimba, wamejaa nyuma ya lori lenye vumbi la bonde la Ruzizi hadi kwenye vioo. Walikuwa wachezaji hodari, wepesi, waliozoea uwanja wa tambarare ambako mpira ukiupiga mbele unakwenda mbele. Firmin alishinda kura. Alipoonyesha kwa mkono kwamba Chui wataanza kupanda, tuta zima lililia kama limechomwa moto.

"Munatuuza!"

"Ni yule wa daftari! Muondoeni yule wa daftari!"

Déogratias alisimama mahali pake pa kila siku, safari hii Eulalie kando yake, na akafungua ukurasa mpya.

Nusu ya kwanza ilikuwa kazi ya punda. Chui hawakufunga wala hawakukaribia kufunga. Firmin alikuwa amemrudisha mchezaji mmoja wa katikati kumsaidia Emile, wakawa wawili katika ile pembe, na mara sita, mara saba, mpira ulipotelemka huko uliwakuta wamekwisha fika. Benoît aliruka mara moja kwa shuti la mbali akalitoa kwa ncha za vidole. Kisha, dakika ya thelathini na nane, bao likaingia. Lilitoka upande wa kushoto wa lango, mahali ambapo katika shuka lote hapakuwa na nukta hata moja.

Kelele ikageuka kutoka kwa Benoît ikamwangukia Déogratias. Mtu alimvuta koti. Eulalie akamgeukia yule mtu: "Papa, shikilia koti ya muke yako." Déogratias alikuwa anaandika. Alitia nukta mahali pake halisi, upande wa kushoto, akaandika dakika, akaandika na jina la aliyekosea, kwa sababu safari hii kulikuwa na aliyekosea, naye alikuwa Benoît.

"Hauogope?" Eulalie akamuuliza kwa sauti ndogo.

"Moja ni moja. Ngoja ile ingine nusu."

Mvua ilishuka katikati ya mapumziko, mvua ya Novemba, nene, isiyopiga hodi. Dakika ishirini ikawa imepita, na uwanja ukabaki uking'aa. Na sasa pembe ya tope ilikuwa nyuma ya watu wa Sange. Wakaanza kuuona mpira ukifanya mambo wasiyoyajua: wanautoa mbele, unapinda, wanausubiri hapa, unapita kule. Beki wao wa kulia, kijana mzuri sana, aliteleza mara mbili akainuka amechafuka hadi kwenye nyusi. Dakika ya sitini na moja Firmin aliupiga mpira hovyo katikati, hovyo kwa makusudi, akaufuata bila haraka kule alikojua utaishia. Ulikuwa pale unamsubiri. Akafunga: bao moja kwa moja.

Dakika ya sabini na tisa ikawa vilevile, ila safari hii alikuwa Emile, beki, aliyepanda kutoka nyuma bila kuambiwa na mtu, akafunga kwa goti. Filimbi ya mwisho ilipolia, mabao mawili kwa moja, tuta likateremka uwanjani. Wale waliosema "munatuuza" sasa walikuwa wanaimba, na mmoja wao alimbeba Benoît mabegani mpaka Benoît akaogopa kuanguka.

Gaston alikuja kumshika Déogratias mkono, akaushika muda mrefu. "Nilicheka," alisema.

"Ulicheka."

"Sasa nionyeshe ile bao yao. Iliingia wapi?"

Hapo hapo wakakaa kwenye jiwe lililolowa, vichwa viwili juu ya daftari moja, mpaka Eulalie akawaambia bugali inapoa.

Habari haikai Kadutu bila kupanda hadi mjini. Baada ya majuma mawili bwana wa masharubu alimwita mezani. Alitaka kuiona hiyo ramani ya mpira. Déogratias alimletea nakala aliyoichora kwa wino. Bwana aliitazama kwa kioo cha kukuzia, akatulia kwenye mstari wa nne, akasema huo si sahihi, ardhi haiwezi kujikunja hivyo.

"Iko sahihi, bwana," Déogratias akasema. "Twende tuipime."

Ofisi nzima ikageuka kutazama. Lakini siku ile ile walikwenda, na kile kifaa kilichokataliwa kikasimamishwa juu ya miguu yake mitatu katika uwanja wa Kadutu. Bwana alipima mwenyewe. Akapima tena. Tofauti kati ya chombo chake na mpira wa mwashi ilikuwa upana wa vidole viwili. Hakuomba radhi, si desturi yao, alikunja miguu ya kifaa, akauliza: "Nani alikushikia ncha ya pili?"

"Mulinda lango," akajibu Déogratias.

Katika kiangazi cha 1958 ikaamriwa uwanja usawazishwe. Watu arobaini walikuja na majembe na mikokoteni kuchimba upande wa juu na kujaza ile pembe, na aliyewekwa kuonyesha wapi pakatwe na wapi pajazwe, akiwa na kifaa cha ofisi mbele ya macho yake na vigingi vyenye jina lake, alikuwa Déogratias Balagizi. Alivaa kofia ya majani na kuwaita wachimbaji kwa majina yao.

Gaston alipita siku ya tatu, akasimama ukingoni akiangalia kilima cha Chui kinavyobebwa kwa mikokoteni.

"Papa Déo! Unatuuwa! Ile pembe ilikuwa mali yetu!"

Déogratias hakutoa jicho kwenye kioo. Aliinua mkono, akamwashiria mtu wa kigingi ashuke kidogo, kidogo tena, hapo.

"Sasa mutajifunza kucheza," akasema.